Mume wa Bibi

Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kuniitikia shikamoo. Watoto wengine pale nyumbani walipomwamkia aliwaitikia vizuri, akawashika vichwa, akawauliza wameamkaje. Mimi nikimwamkia aliangalia pembeni kama mtu aliyefanyiwa utani usiofaa. "Mume hamwamkii mkewe shikamoo," alisema, na watu wazima wakacheka, nami nikacheka kwa kuwaiga.

Nilipewa jina la babu, mumewe, aliyefariki muda mfupi kabla sijazaliwa. Kwetu, kwenye vijiji vya Wajita vilivyo kando ya ziwa upande wa Mara, hilo si jambo la ajabu. Mtoto akipewa jina la marehemu anapewa na nafasi yake. Shangazi zangu waliniita baba. Baba yangu mwenyewe, akiwa na furaha, aliniita hivyo hivyo. Nikikosea aliitwa jirani aje anichape, maana ndani ya nyumba yetu hapakuwa na mtu mwenye haki ya kumchapa babu. Nilikuwa na kigoda changu karibu na jiko, na sato akipikwa, kichwa kilikuwa changu. Bibi aliniwekea mwenyewe, akanitazama nikila, akaridhika.

Lakini nafasi ile ilikuja na kesi yake.

Babu alikuwa mvuvi. Mtoto wao wa kwanza, msichana, aliugua wakati yeye yuko kisiwani, upande wa Ukerewe, ambako watu walijua ana mwanamke mwingine. Alipelekewa habari. Hakuja. Aliporudi, mtoto alikuwa ameshazikwa na majani yameanza kuota juu ya kaburi. Aliweka nyavu zake chini, akaomba maji ya kunywa. Waliendelea kuishi pamoja mpaka uzee, wakazaa watoto wengine, baba yangu akiwa mmojawapo, na siku zote hizo babu hakueleza kwa nini hakuja. Akafa hajaeleza. Ndipo nikazaliwa mimi.

"Ulikuwa wapi?" Bibi aliniuliza.

Aliniuliza akiwa anamenya mihogo, ametulia kabisa, nami nikiwa na umri wa kuanza shule. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Mama alikuwa amenifundisha jibu, kwa hiyo nililitoa kama nilivyolitoa jibu la hesabu darasani.

"Nilikuwa kisiwani. Nisamehe, mke wangu."

Bibi aliendelea kumenya. "Nimesikia," alisema. Hakusema amesamehe. Baada ya muda jambo hilo lilirudi tena, labda wakati wa mvua, labda kukiwa na msiba mahali, nami nikajibu tena vilevile, naye akasikia tena. Sikuona uzito wowote. Mtoto anaweza kuwa watu wawili bila kuchoka. Nilikuwa mzee aliyemkosea mkewe, na muda huohuo nilikuwa mtoto anayetaka kwenda kuogelea, na hao wawili hawakugombana ndani yangu.

Nilipokua nilikuja Mwanza, nikaajiriwa katika kiwanda cha nguo cha umma. Nilisimamia mashine za kufuma. Pale sikuwa babu wa mtu. Nilikuwa ndugu, kama wote tulivyokuwa ndugu, kuanzia meneja hadi mfagizi, na katika mikutano tuliambiwa kwamba sisi ni watu wa aina mpya, wafanyakazi, wenye nchi. Nililipenda jambo hilo. Nilirudi nyumbani Igogo nikiwa na vumbi la pamba kwenye nyusi, na mke wangu alikuwa akilipangusa kwa kidole akicheka kwamba nimezeeka mchana mmoja. Tulipata watoto. Niliamini nimeshajua mimi ni nani, na kwamba jambo hilo limekwisha.

Ikaja miaka ya tisini. Mashine zikawa zinasimama kwa kukosa vipuri, halafu kwa kukosa pamba, halafu bila mtu kueleza sababu. Nje, mjini, mitumba ilikuwa imejaa kila mahali, na hata sisi wafumaji tuliivaa kwenda kazini. Tukasikia habari za wawekezaji, za kubinafsisha, za kupunguza watu. Nikapunguzwa. Siku ile niliporudisha koti la kazi, mlinzi wa getini, aliyekuwa akiniita ndugu kila asubuhi, aliniita mzee. Hakuwa na nia mbaya. Alitafuta neno tu.

Mke wangu akaanza kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yanayotoka kwenye viwanda vipya vya samaki baada ya minofu kukatwa ipelekwe Ulaya. Mimi nikaenda mtaa wa Mirongo kuuza makoti na mashati ya mitumba. Tulikula. Watoto walisoma. Siwezi kusema tuliteseka kuliko majirani. Kilichonichosha hakikuwa kazi. Ni kule kuamka asubuhi na kumkuta mtu yuleyule kitandani, yaani mimi mwenyewe, ananisubiri nimwambie leo tutakuwa nani. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba ni babu, ni Mkatoliki mwema kama nilivyolelewa, ni ndugu, ni mfanyakazi, na kila mara alinisadiki. Sasa sikuwa na cha kumwambia. Nilimchoka, kama unavyomchoka mgeni ambaye haondoki na huwezi kumfukuza.

Katika hali hiyo nikakutana tena na karani wa stoo.

Kiwandani alikuwa mtu wa kimya, anayetoa vipuri kupitia kidirisha na kukudai uweke sahihi. Alipunguzwa siku moja na mimi. Sasa alikuwa na shati jeupe na Biblia iliyochakaa, na alikuwa anahubiri katika nyumba ya jirani yetu Igogo, nyumba iliyoishia kwenye kuta, haijaezekwa. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao chini ya turubai. Wengi wetu tulikuwa watu waliopunguzwa mahali fulani, na wake zao, na wajane. Niliingia kwa sababu nilimfahamu. Nikabaki kwa sababu ya jambo alilosema.

"Mnatafuta adui huko nje," alisema. Hakuwa na sauti kubwa. "Mnasema ni mchawi, ni serikali, ni jirani. Adui yako ni huyu anayesema mimi. Mimi nimeonewa, mimi nimesahauliwa, mimi nastahili. Huyo lazima afe. Akifa huyo, utapumzika."

Neno lile, utapumzika, liliniingia kama maji kwa mtu mwenye kiu. Wengine walikuja pale kutafuta kazi, kupona, kupata watoto. Mimi nilitaka hicho kimoja. Kama kulikuwa na njia ya kumtoa mgeni yule ndani ya nyumba, nilikuwa tayari kuifuata.

Asubuhi za Jumamosi tulipanda mlima kuomba. Mwanza ni mji wa mawe, na juu ya Igogo yapo majabali yaliyopandana ambayo kila Jumamosi na Jumapili hujaa watu wa madhehebu mbalimbali, kila kundi kwenye jiwe lake. Mchungaji, nitamwita hivyo sasa, alitufundisha kukaa peke yetu na kumkabidhi Mungu huyo anayesema mimi. Nikatafuta mahali pa kivuli, nikafumba macho, nikaanza kumtafuta ili nimkabidhi.

Nilikuta goti linauma. Nikakuta njaa. Nikakuta redio ya mtu huko chini, na wasiwasi kuhusu karo, na sura ya mlinzi wa getini. Nikasema, hivi si yeye, hivi ni vitu vyake, nisonge mbele nimkute mwenyewe. Nikasonga. Nikakuta sauti inayosema, "Namtafuta." Nikadhani huyu sasa ndiye, nikamgeukia, naye akawa ni wazo tu kama yale mengine, likapita, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Nilifumbua macho kwa hofu. Ziwa lilikuwa pale chini, limetanda magugu maji, na watu kwenye mawe walikuwa wanalia na kuimba. Nikajishika mikono yote miwili kama anayepima kama bado ipo.

Nilirudia Jumamosi nyingine, na nyingine tena. Kila mara ilikuwa hivyohivyo. Nilikwenda kumtoa mtu sadaka na sikumkuta nyumbani, lakini nikishuka mlimani, kabla sijafika barabarani, alikuwa ameshanipanda mgongoni tena, mzito vilevile.

Nikamweleza mchungaji. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama zamani alivyokuwa akisikiliza maelezo ya kipuri kilichovunjika.

"Usichimbe sana huko," alisema. "Mtu yupo. Asingekuwepo, asingehukumiwa."

"Lakini simwoni."

"Hujamwona kwa sababu mahali pake pamekaliwa." Akanyanyua macho. "Jina lako ni la nani?"

Nikamwambia habari za babu. Nilimweleza yote, kigoda, kichwa cha samaki, bibi na swali lake, nikidhani atacheka kama watu wengine wanavyocheka. Hakucheka. Alisema kwamba nimebeba marehemu tangu tumboni, kwamba kuitika jina lile ni kumfungulia mlango, na kwamba sitapumzika mpaka niliache na kupewa jingine. Sikubishana naye. Ukiwa umechoka sana, mtu akikuonyesha mzigo ulioko begani, hata kama hukuwahi kuuhisi, unasema ndiyo, labda ni huo.

Nilibatizwa ziwani asubuhi moja, mahali ambapo wavuvi hushushia mitumbwi. Magugu maji yalikuwa yamefunika ufuo wote. Wanaume wawili wenye fito walitangulia kuyasukuma kando hadi pakapatikana nafasi ya maji meusi yenye ukubwa wa mkeka, mchungaji akaniingiza humo, akanizamisha, akatamka jina langu jipya. Nilipoibuka, magugu yalikuwa yameshaanza kujifunga tena, na ikabidi wayasukume upya ili tutoke. Watu waliimba. Nilitetemeka kwa baridi. Nilijisikiliza ndani kama mtu anayesikiliza kama mvua imekata, lakini sikuweza kujua.

Nyumbani mke wangu alikuwa anapanga kuni chini ya karai. Nilimwambia jina jipya. Alilijaribu mdomoni mara moja.

"Mimi niliolewa na yule wa zamani," alisema. "Huyu mpya alikuja lini kwetu kujitambulisha?"

"Usinitanie."

"Sikutanii, baba watoto. Nauliza tu, maana ndiye nitakayempikia." Akageuza mapanki kwenye mafuta. Hakulisema tena lile jina, wala la zamani hakulisema. Aliendelea kuniita baba watoto, jambo ambalo halikumuudhi mtu yeyote.

Mchungaji alisema lazima nimweleze bibi mwenyewe, ana kwa ana, ili mlango ufungwe pande zote. Nikapanda basi kupitia Bunda, nikashuka, nikatembea sehemu iliyobaki. Bibi alikuwa amekaa uani, amenyoosha miguu juani, anasuka kamba ya katani. Alikuwa amezeeka sana, mwepesi kama kapu tupu. Aliponiona alitabasamu.

"Mzee wangu," alisema kwa lugha yetu, "umekonda. Huko mjini hawakupi chakula?"

Nikakaa chini, si kwenye kigoda. Aliliona hilo. Nikamwambia nimeokoka, nikamwambia jina lile nimeliacha.

"Umeliacha wapi?"

"Ziwani."

Akaangalia kule ziwani, kana kwamba linaweza kuonekana. "Na mwenyewe?"

"Mwenyewe alishakufa, bibi. Alikufa kabla sijazaliwa."

"Najua alikufa. Mimi ndiye niliyemzika. Nakuuliza wewe."

"Mimi ni mjukuu wako."

Mikono yake iliendelea na kamba peke yake, kisha ikaacha. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona kitu ambacho nimewahi kukiona kwa watu wanaoteremka kwenye basi mahali wasipopajua, wakasimama kwanza wapate kujua waelekee wapi.

"Basi niamkie," alisema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Jioni ile nilichinjiwa kuku, kama anavyochinjiwa mgeni. Niliwekewa kiti cha kuegemea, cha wageni. Baba mdogo wangu, aliyekuwa akiishi na bibi baada ya wazazi wangu kufariki, alishangaa lakini hakuuliza mbele yangu. Asubuhi nilipoamka, bibi alikuwa amejifunga kaniki nyeusi kiunoni na amekaa chini, ameegemea ukuta.

"Mama, kuna nini?" baba mdogo alimuuliza.

"Nimefiwa," alisema bibi.

Nikarudi Mwanza na habari hiyo, na mchungaji akasema nimeshinda vita. Nilikuwa nimetegemea kupumzika. Badala yake nikawa na watu wawili wa kubeba, yule aliyeachwa majini na yule mpya ambaye alikuwa hajafika. Nilienda kwenye ibada, niliomba, nilifunga. Watu wa kanisani waliniita kwa jina jipya nami nilichelewa kuitika, nikageuka baadaye, kama anayeitwa ni aliye nyuma yangu.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa zinakatika, baba mdogo alimleta bibi Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Tumbo lilikuwa limevimba. Madaktari walimpima, wakasema ini limeharibika, na kwamba kwa umri ule ni afadhali akae nyumbani na watu wake. Kijijini asingefika akiwa hai kwa barabara ilivyokuwa. Tukamlaza chumba cha mbele, pale Igogo, tukahamisha makabati na marobota ya mitumba.

Alikuwa mgonjwa mwenye adabu kuliko wote niliowahi kuwaona. Nikimpa maji alisema, "Asante, mjukuu." Nikimgeuza alisema, "Pole kwa kazi, mjukuu." Nilitamani anigombeze. Nilitamani aseme maji ni ya moto, mkono wangu mzito, kwamba sijui kumpangusa mtu. Miaka yote alinigombeza kwa makosa ambayo sikuyafanya, na sasa nilipomwaga chai kwenye shuka, alisema si kitu. Mke wangu, ambaye alimwogesha kila asubuhi kabla ya kwenda kukaanga, aliona.

"Anakuheshimu kama mtu baki," alisema.

Kisha homa ikapanda, na adabu ikaondoka. Akaanza kumwita mumewe. Hakupiga kelele. Aliita tu, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. "Mzee wangu hajarudi?"

"Atarudi, bibi," mke wangu alimwambia, huku akiniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na ndoo mkononi.

"Mwambieni aje. Nina neno naye."

Nilishinda siku mbili nikilisikia hilo. Siku ya tatu nilikwenda kumtafuta mchungaji. Nilimkuta peke yake kwenye ile nyumba isiyo na paa, ameinamia benchi lililolegea mguu, anapigilia msumari. Nikamweleza. Nikamuuliza kama naweza kumwitikia, mara moja tu, mtu anakufa.

"Ukiitika, umerudisha kila kitu," alisema bila kugeuka.

"Nani atakuwa ameitika?"

Nyundo ilisimama. Alikaa kwenye benchi lilelile, likayumba kidogo, akaliachia liyumbe.

"Unajua nikiamka asubuhi namkuta nani?" alisema. "Namkuta karani wa stoo. Tangu nilipookoka namngojea huyo mtu mpya. Naamka, namkuta karani. Anahesabu vitu. Anawaza nani hajarudisha nini." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nikihubiri simsikii. Ndiyo maana nahubiri sana."

Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimefikiri mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nashuka mlimani na mtu mgongoni.

"Kwa hiyo nifanye nini?" nikamuuliza.

"Siwezi kukwambia uitike," alisema. "Lakini sitakuuliza."

Ilikuwa saa nane mchana nilipofika nyumbani. Mke wangu alikuwa barabarani na karai lake, watoto wako shule. Bibi alikuwa ameamka, macho yake yako wazi na makavu. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nimerudi," nilimwambia kwa lugha yetu.

Akanitazama kwa muda mrefu. Sijui aliona nini.

"Ulikuwa wapi?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari mdomoni, lile la mama, nilikuwa kisiwani, nisamehe. Lakini halikutoka. Yalitoka maneno mengine.

"Niliogopa," nikasema. "Waliponiambia mtoto anaumwa vile, nilijua anakufa. Niliogopa kumwangalia. Nilikaa kisiwani nikijiambia kwamba nisipomwona hajafa. Na nilipokuja, niliogopa kukuangalia wewe."

Nimejiuliza mara nyingi maneno yale yalitoka wapi. Sikuwa nimeyapanga. Babu hakuwahi kuyasema kwa mtu yeyote, wala sidai kwamba alikuwa anasema kupitia kwangu. Sikuhisi kuingiliwa na kitu. Nimekuwa baba, nimekaa na watoto wenye homa, najua woga huo, labda yalitoka hapo tu. Lakini wakati wa kuyasema hapakuwa na mtu anayejitazama akiyasema. Hapakuwa na babu, wala aliyebatizwa, wala mfumaji, wala anayetafuta. Palikuwa na mwanamke mzee, na swali lake, na jibu. Kile nilichokuwa nakitafuta kwenye mawe Jumamosi baada ya Jumamosi kilikuwa pale, na sikukitambua mpaka kilipokwisha.

Bibi alifumba macho.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kuchoka, kama mtu aliyesubiri foleni ndefu akafika dirishani. "Nipe uji."

Nikamkorogea uji. Aligoma kumeza kijiko cha kwanza, akasema hauna chumvi, mwanaume gani huyu hawezi hata kutia chumvi. Nikatia chumvi.

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, mke wangu akiwa anamwogesha. Alikuwa ananiita mzee wangu mpaka mwisho, nami niliitika kila aliponiita. Mara nyingine aliniita kwa ajili ya kunigombeza tu. Tulimsafirisha tukamzika kijijini, kandokando ya mumewe na yule mtoto wao wa kwanza. Mazishini shangazi zangu waliniita baba, wakalia mabegani mwangu kama mayatima, wanawake wenye wajukuu. Nilisimama tu nikawaachia wanilowanishe shati.

Mchungaji naye alikuja, kwa basi, na akashika chepeo kufukia kaburi kama wengine. Hakuhubiri. Kabla ya kuondoka tulitembea mpaka ufuoni, tukakaa kwenye jiwe. Nilitegemea atavunja ahadi yake na kuniuliza. Hakuuliza. Alivua viatu akaloweka miguu.

Nilidhani baada ya siku ile maisha yangu yatabadilika. Nilidhani ukishaona mara moja kwamba nyumba haina mtu, huwezi kumwogopa tena. Si kweli. Nilirudi Mirongo, nikatandaza mashati, na mgeni wangu akarudi saa ileile aliyozoea kurudi, na malalamiko yake yote. Bado yupo. Ananiamsha. Anataka kujua watu wanamwonaje. Tofauti ni kwamba simwamini kama zamani, wala simpigi vita kama zamani. Nimegundua kwamba miaka yote ile nilitaka kupumzika, nikamtuma yule aliyechoka akanitafutie mapumziko, na ndiyo maana kila alikokwenda alirudi amechoka zaidi. Siku hizi simtumi mahali.

Sikwenda tena kwenye mawe. Jumapili naenda na mke wangu misa ya kwanza, tunakaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu ya hewa. Nasali sala nilizofundishwa utotoni. Sijui nani anazisali. Kuna watu wanaoniita kwa jina la babu, na wachache wa wakati ule wanaoniita kwa jina la ziwani, na nimejizoeza kuitika yote mawili bila kuchelewa, maana mtu akikuita ana shida yake, hajaja kukuuliza wewe ni nani.

Mchungaji aliacha kuhubiri kabla miaka ya tisini haijaisha. Ile nyumba iliezekwa, mwenye nyumba akaipangisha. Mchungaji akapata kazi kwa wakala wa samaki, kusimamia barafu na mizani, na watu wakasema ameanguka kiroho. Tunakutana mara mojamoja kwa mama ntilie mmoja pale Mirongo, tunakunywa chai na chapati. Habari zile hatuziongelei. Siku moja tu alisema, "Mwenzangu, huwa unamkuta bado asubuhi?" Nikamwambia ndiyo, namkuta. Akaniongezea sukari, akasema na yeye pia, na tukarudi kuongelea magoti yetu, ambayo msimu wa mvua yanasumbua sana.